Maji ya Ugomvi

Wazee wetu wa Musumba wanayo habari moja ambayo kila mtoto wa Kilunda huisikia kabla hajajua kusoma. Mfalme wa zamani, ambaye wengine humwita Nkond na wengine Konde, alikuwa ameketi uani akisuka mkeka. Kando yake palikuwa na chungu cha maji ya kulowekea nyuzi. Kila aliyewahi kusuka anajua kwamba maji ya namna hiyo hugeuka meupe na mazito kidogo. Basi wanawe wawili, Kinguri na Chinyama, wakatokea huko walikokuwa wakinywa pombe. Walipokiona chungu wakadhani ni malafu, yaani pombe ya mchikichi, na kwamba baba yao anajinywea peke yake. Wakaomba wapewe. Mzee akawajibu kwamba ni maji tu. Hawakusadiki. Wakaona wamedharauliwa, wakampiga, naye akafa kwa majeraha yale. Lakini kabla ya kukata roho alimkabidhi binti yake Ruwej bangili ya ufalme, lukano.

Yaliyofuata yanajulikana hata nje ya nchi yetu. Ruwej aliolewa na mwindaji Mluba, Chibinda Ilunga, akampa ile bangili. Ndugu zake wakachukizwa, wakaondoka na watu wao kuelekea magharibi, mpaka nchi ambayo leo ni Angola. Mreno Henrique Dias de Carvalho, aliyefika Musumba mwaka 1887, aliyaandika masimulizi hayo katika kitabu kilichochapwa mwaka 1890. Wataalamu hubishana ni sehemu gani ya habari hii ni historia na ni sehemu gani ni mfano. Mimi si mtaalamu. Ni mwalimu wa shule ya msingi, na nimeisimulia darasani kwa miaka mingi. Kila mara jambo moja hunishangaza: ukubwa wa hasara na udogo wa sababu. Baba aliuawa na wanawe, ndugu wakatengana, watu wakahama nchi, na yote yalianza kwa chungu cha maji machafu ya kulowekea nyuzi.

Ndugu wasomaji, katika mahubiri yetu na katika vitabu vyetu vya sala tunasoma sana habari za mateso makubwa: ugonjwa, kifo, vita, kufungwa kwa ajili ya imani. Ni vizuri. Lakini leo nataka kusema habari za maudhi madogo, yale ambayo hayastahili hata kutajwa katika maungamo, nasi huyataja kwa haraka, tukisema tu, nilikasirika mara kadhaa. Nafikiri imani ya wengi wetu hushindwa hapo, wala si katika yale makubwa.

Maudhi ya Musumba ni yapi? Mtu wa mjini atacheka. Mbuzi wa jirani amekula muhogo ulioanikwa juani. Mwenzako amepitisha bidoni yake mbele ya zako kisimani, saa kumi na moja asubuhi, huku baridi ya mwezi wa sita inakata vidole. Unataka kupiga simu Kolwezi. Inakubidi upande juu ya kichuguu ili upate mtandao, na ukishapanda, unakuta watu wanne wamekutangulia, na mmoja wao anasimulia habari za harusi nzima. Mvua imebomoa daraja la miti. Mshahara wa mwalimu haujafika. Ofisi moja inasema karatasi ziko ofisi nyingine, na ile nyingine inasema hivyo hivyo. Darasani kwangu, tangu elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa ya bure mwezi wa Septemba mwaka 2019, wamejaa watoto, wengine wanaketi sakafuni. Nafurahi wamekuja. Lakini jaribu kusahihisha madaftari 87 kwa mwanga wa taa ndogo, halafu chaki iishe.

Kila moja ya hayo ni dogo. Hakuna mtu atakayekuja kukupa pole kwa sababu ya mbuzi. Nadhani hapo ndipo penye hatari yake. Taabu kubwa huja pamoja na watu wake, lakini udhia mdogo hukukuta peke yako.

Fikirini mambo yaliyopita katika nchi yetu ya Lualaba. Mwezi wa Machi mwaka 1977 wapiganaji waliotoka Angola waliingia huku, wakashika Dilolo, Kapanga, Kasaji na Mutshatsha. Daktari Glen Eschtruth, Mmarekani wa misheni ya Kimetodisti, aliyekuwa akitibu watu wa Kapanga bila kuuliza nani ni wa dini gani, alichukuliwa, akauawa. Mama yangu alikimbilia porini pamoja na wanawake wengine. Alituambia kwamba huko porini chumvi iligawanywa kwa kijiko, na hapana mtu aliyeficha. Wakatoliki na Wametodisti walisali chini ya mti mmoja. Mwaka uliofuata, mwezi wa Mei, Kolwezi nayo ilipatwa na mabaya makubwa zaidi, na huko pia watu walifichana vyumbani, wakalishana. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Mwaka 2003 na 2004 kampuni ya Gécamines iliachisha kazi watu zaidi ya 10,000. Nyumba ngapi zilikula mara moja kwa siku! Hata hivyo makanisa yalijaa, na mtu aliyekuwa na shamba alimpa jirani mbegu.

Basi, watu wetu wanajua kuteseka. Wasifundishwe hilo na mtu yeyote.

Lakini watu hao hao, tena ndani ya miaka hiyo hiyo, walifanya jambo jingine. Mwaka 1992 na 1993 wenzetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Walilala stesheni wiki baada ya wiki, na watoto wao, wakingoja gari la moto la kuwarudisha nchi ambayo wengine wao hawakuwahi kuiona. Wengi walikufa hapo na njiani. Wanasiasa ndio waliowasha moto, hilo sikatai. Lakini mtu hawashi moto pasipo majani makavu. Na majani yale yalikuwa nini, kama si maneno ya kisimani na ya sokoni yaliyokusanywa kwa miaka mingi? Huyu amepata cheo badala ya ndugu yangu. Yule anacheka kwa sauti. Wale wanapika vyakula vyao kwa harufu. Maneno ya namna hiyo hakuna aliyeyaungama. Siku ilipofika yalikuwa yamekwisha kuwa mzigo wa kuni.

Sasa niseme habari ya nyumbani kwetu, maana si vema kusema tu habari za watu wengine.

Mwezi wa kwanza wa mwaka 2021, mvua zikiwa kali, mtoto wa dada yangu mkubwa alifukiwa na shimo karibu na Kolwezi. Alikuwa mchimbaji wa mikono, kama maelfu ya vijana wetu wanaotafuta kobalti. Mnajua kwamba tangu mwaka 2014, madini yalipogunduliwa chini ya nyumba za mtaa wa Kasulo, watu walichimba hata ndani ya vyumba vyao. Kijana wetu alikuwa na umri wa miaka 23. Habari ilitufikia juu ya kile kichuguu cha simu. Dada yangu mkubwa, ambaye sote tunamwita Yaya, alishuka akitembea polepole, akaketi chini, wala hakupiga kelele. Kilio kilifanyika siku nyingi. Mdogo wake, dada yangu wa pili, hakurudi kwake hata kulala. Alimwosha Yaya miguu, akamlisha uji kwa mkono. Walisali Rozari pamoja kila jioni. Padri aliyekuja kusoma Misa aliniambia kwamba amejifunza kitu kwa wanawake wale wawili.

Kwa ajili ya wageni wa kilio tulipika katika sufuria kubwa ya dada yangu wa pili. Ni sufuria ya alumini, ya kutosha watu 40, ambayo marehemu mume wake aliinunua Kolwezi kwa mshahara wake wa kwanza. Wiki mbili baada ya kilio kwisha ilirudishwa. Ilikuwa imeungua nje na ndani, mpini mmoja umeng'oka, na chini palikuwa na tundu. Dada yangu akaitazama, akasema, "Hata kuisugua, Yaya?" Na Yaya akajibu, "Mimi nimezika mtoto, wewe unalilia sufuria."

Hayo tu. Sentensi mbili. Kwa muda wa miaka mitatu hawakusalimiana.

Nimefikiri sana habari hii. Nani alikuwa na haki? Yaya alikuwa na uchungu usiopimika. Mdogo wake naye hakulilia alumini, alimlilia mume wake. Kila mmoja aliweza kuieleza habari yake hata ukatoa machozi, nami niliwasikiliza wote wawili. Kila Dominika walikuja kanisani, wakakaa upande mmoja wa wanawake, mmoja mbele na mmoja nyuma. Walipofika mahali pa kupeana amani, kila mmoja aligeukia upande wake. Walibeba kifo pamoja. Hawakuweza kubeba sufuria.

Katika Maandiko Matakatifu liko tendo moja la Musa ambalo makatekista hulipita upesi, kwa sababu linawafadhaisha watoto. Musa alisimama mbele ya Farao, akavuka bahari, akafunga siku 40 mlimani, akavumilia ndama wa dhahabu. Halafu, baada ya yote hayo, watu wakanung'unika tena kwa ajili ya maji. Mungu akamwagiza auambie mwamba utoe maji. Lakini Musa alikuwa amechoka nao. Akawakaripia, akaupiga mwamba kwa fimbo mara mbili. Maji yakatoka, watu wakanywa, ng'ombe wakanywa. Lakini Musa aliambiwa kwamba hataingia katika nchi ile aliyoitembea kwa miaka 40. Mahali pale paliitwa Meriba, maana yake ugomvi. Nilipokuwa kijana niliona adhabu ile ni kali mno. Hata leo sidai kuielewa yote. Lakini naona kwamba Biblia haihesabu mambo kwa ukubwa kama sisi tunavyohesabu. Musa hakujikwaa kwa Farao. Alijikwaa kwa manung'uniko ya watu wake mwenyewe, jambo ambalo alikwisha lisikia mara mia.

Basi tufanye nini? Wengine watasema, tuvumilie tu. Neno hilo ni jepesi kutamka. Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, aliyefariki mwaka 1897 akiwa na umri wa miaka 24, na ambaye Kanisa lilimfanya msimamizi wa misioni mwaka 1927 ingawa hakuwahi kutoka katika monasteri yake ya Lisieux, ndiye aliyeandika habari za maudhi bila kuona haya. Anasimulia kwamba siku moja walipokuwa wakifua, sista aliyekuwa mbele yake alimrushia maji machafu usoni kila alipoinua nguo. Fikira yake ya kwanza ilikuwa kurudi nyuma na kujipangusa uso, ili yule mwingine aone. Hakufanya hivyo. Alibaki pale pale, akayapokea maji yale kama zawadi. Tena katika sala ya jioni palikuwa na sista mwingine nyuma yake aliyefanya kelele ndogo isiyokwisha. Teresa alijizuia asigeuke kumtazama hata akatokwa na jasho. Mwishowe, badala ya kujaribu kutoisikia ile kelele, aliamua kuisikiliza vizuri, kama muziki, akamtolea Yesu muziki ule.

Ninampenda kwa sababu ya lile jasho. Hakusema kwamba imani ilimwondolea hasira. Alisema kwamba aliikuta hasira hapo mbele yake, akaifanyia kazi kama mtu anavyofanya kazi ya shamba.

Hata hivyo, wasomaji wenye nyumba na watoto watasema: Teresa alikuwa monasterini, alipigiwa kengele ya kulala na kengele ya kula, hakuwa na mume wala mbuzi wa jirani. Ni kweli. Maisha ya ndoa yana maudhi yake ambayo mtawa hayajui. Hapo nataka kuwakumbusha jambo lililozaliwa karibu nasi. Padri Placide Tempels, Mfransisko Mbelgiji, yule aliyeandika kile kitabu kuhusu falsafa ya Kibantu mwaka 1945, alitumwa baadaye Kolwezi, na huko katika kambi ya wafanyakazi ya Musonoi, tangu mwaka 1953, alianza kukutana na waume na wake zao. Hivyo ilizaliwa Jamaa. Baadaye yalitokea matatizo kati ya vikundi vingine na maaskofu, na mimi sikuja hapa kuyaamua. Lakini wazee waliopitia Jamaa wananiambia kwamba jambo gumu kuliko yote walilofundishwa lilikuwa hili: mume na mke waketi, waambiane mawazo yao. Waambiane yaliyo moyoni, wala si habari za kazi au za fedha tu. Mfanyakazi wa mgodi, mtu wa mikono migumu, alitakiwa amwambie mke wake kwa Kiswahili cha kambi kwamba jana neno lake lilimchoma, tena amwambie kabla neno hilo halijalala usiku mbili. Wengi walitamani kurudi shimoni kuliko kufanya hivyo.

Nilikwenda kwa mzee mmoja wa namna hiyo, katekista wa zamani, nikamweleza habari ya dada zangu. Nilitaka aje awahubirie. Akanyamaza kidogo, halafu akaniambia: "Mwalimu, usiwaambie wasameheane. Neno hilo wamelisikia mara nyingi, limekuwa kama kengele ya kanisa, mtu hulisikia akaendelea kulima. Itengeneze sufuria."

Nakiri kwamba jibu lile nililiona dogo mno kwa mzee wa dini.

Nilikuja kulielewa njiani. Mwezi wa pili mwaka 2023 nilikuwa natoka Kolwezi, juu ya lori lililobeba magunia ya saruji na watu kama 30. Tulipita Kasaji na Sandoa, na mbele ya Sandoa lori likazama katika matope mpaka kwenye ekseli. Siku ya kwanza abiria walimtukana dereva. Siku ya pili walitukanana wao kwa wao: nani alichelewesha safari, nani alipakia mizigo mingi, kabila gani halijui kusukuma. Ilikuwa imebaki kidogo tu watu wapigane. Palikuwa na mama mmoja mzee, ambaye hakuna aliyekuwa amemtazama. Akashuka, akafungua kitambaa chake, akatoa unga wa muhogo, akaweka mawe matatu. Halafu akauliza kwa sauti: "Nani ana chumvi?"

Watu wakanyamaza. Mmoja akasema, mimi ninayo. Mwingine akasema ana samaki wakavu, mwingine akaenda kutafuta kuni kavu chini ya magunia. Bukari ilipoiva, wale waliokuwa wakitukanana walikuwa wanachovya katika sahani moja. Mama yule alifanya ishara ya msalaba, akala kidogo, akalala. Hakutuhubiria hata neno moja. Lori lilitoka matopeni asubuhi ya siku ya tatu, na sote tulilisukuma.

Nilimwuliza kama hakukasirika kama sisi. Akaniambia alikasirika sana, ila njaa ilikuwa karibu zaidi.

Sasa lazima niseme jambo, nisije nikaeleweka vibaya. Wako watu wanaopenda sana kuwahubiria wengine uvumilivu, hasa wale ambao wenyewe hawavumilii kitu. Mwalimu asiyelipwa akiuliza, huambiwa atolee sadaka. Mchimbaji akisema shimo litaanguka, huambiwa amtegemee Mungu. Huo si uvumilivu wa Kikristu. Bwana wetu mwenyewe, alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu, hakurudisha kofi, lakini hakunyamaza pia. Alimwuliza yule askari sababu. Kuvumilia maudhi ya ndugu yako ni jambo moja, na kufumba macho mbele ya udhalimu ni jambo jingine.

Mwangalieni mwenye heri Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma. Kazi yake ilikuwa kukagua bidhaa mpakani, kazi ya karatasi na mihuri, kazi ambayo kila siku ina watu wenye haraka na wenye kelele. Waliletwa mchele ulioharibika, wakampa fedha ili aupitishe. Akakataa, maana watu wangekula sumu. Julai 2007 walimteka, wakamwua. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza huko Roma kuwa mwenye heri. Nadhani mtu hawezi kusema hapana ya namna ile siku moja tu, kwa ghafula. Hapana ile huwa imekwisha kufanyiwa mazoezi mezani, mbele ya mambo madogo, wakati hakuna anayetazama.

Kwa habari ya mshahara wangu, basi, ninaendelea kuudai. Sisi walimu tuliandika barua, tukaipeleka kwa mikono, tukapewa risiti. Tutaandika nyingine. Lakini asubuhi, kabla ya kuingia darasani, ninasimama kidogo mlangoni nikiwahesabu watoto kwa macho, na ninasali Baba Yetu moja, polepole. Sisali ili mshahara uje, hiyo naiombea jioni. Ninasali ili nisiwalipize watoto deni ambalo si lao. Siku nyingine nafaulu. Mtoto akimwaga wino, au akijibu vibaya, ninajua mara moja kama ile Baba Yetu niliisali kwa kweli au kwa mdomo tu.

Na sufuria niliichukua. Mwaka 2023, nilipokwenda Kolwezi wakati wa likizo kubwa, niliibeba juu ya kichwa cha lori, watu wakanicheka, Mwalimu anahama na jiko. Fundi mmoja wa pale sokoni aliziba lile tundu kwa kipande cha alumini na misumari miwili, akatia mpini mpya. Si mzuri kama wa kwanza. Nilimrudishia dada yangu wa pili bila kusema lolote juu ya Yaya. Aliigeuza, akaipiga kwa kidole asikie sauti yake, akaiweka juu ya kabati. Ikakaa hapo karibu mwaka mzima.

Mwaka 2024, wakati wa kiangazi, alifariki bibi mmoja wa jumuiya yetu ndogo, watu wakaja wengi kutoka Kapanga na vijijini. Wanawake walitafuta chombo kikubwa cha kupikia. Dada yangu wa pili akaileta sufuria yake mwenyewe, bila kuombwa. Mimi nilikuwa upande wa wanaume, sikuona yote. Lakini siku ya tatu, watu walipokwisha kutawanyika, niliteremka mtoni, nikamwona Yaya ameketi juu ya jiwe, ameishika ile sufuria kati ya magoti, anaisugua kwa mchanga. Aliisugua ndani, akaisugua nje, akaigeuza na kuisugua hata pale palipozibwa na fundi. Mdogo wake alikuwa hatua chache kutoka hapo, anafua vitambaa. Hawakuwa wakizungumza.

Mpaka leo hawajaketi kuizungumza habari ile ya mwaka 2021. Padri alipopita kwetu Kwaresima iliyofuata, alimwuliza Yaya kama amepatana na mdogo wake. Yaya akafikiri. Akasema, "Padri, tunapika."

Padri hakumwuliza zaidi.